Kwa nini weupe wa grauti unapotea ukipanguza taili na unarudi zikikauka?

Ushawahi kupanguza kaunta mpya ya taili na kitambaa cha maji, ikawaka mpaka unajiona sura, ukageuka kidogo kuangalia chai isimwagike, kurudi unapata ule weupe wa grauti, ile simiti ya kujaza mianya ya taili, umekaa pale pale kama hakuna kitu umefanya? Mimi nilifanya hiyo kazi siku nne mfululizo hapa Kiamunyi, Nakuru, asubuhi na jioni, na kila siku nilikuwa na hakika kesho ndio itaisha. Fundi alikuwa ameniambia "hiyo ni vumbi tu mama, panguza mara tatu nne itaenda," na siku ya kumaliza kazi alipanguza mwenyewe mbele yangu, kaunta nyeusi ikang'aa, nikatoa simu nikamtumia pesa yake iliyobaki. Sidhani alinidanganya. Nafikiri hata yeye anaamini hivyo.

Lakini si vumbi, na hapo ndio nilipotelea. Hesabu yangu ilikuwa kwamba kila nikipanguza weupe unatoka kidogo, ule unaobaki unajitokeza tena, nikiendelea kuna siku utaisha. Inaonekana hesabu nzuri sana mpaka uangalie ndoo. Mara ya kwanza maji yalitoka ya kijivu, mara ya pili kijivu kidogo, kuanzia ya tatu yakawa masafi kabisa, na bado kaunta ilikuwa inapoteza weupe na kuurudisha, kupoteza na kurudisha. Sasa kama nilikuwa nautoa, ulikuwa unaenda wapi na ndoo ni safi? Siku ya nne ndio hilo swali lilinijia, nikiwa nimeshika kitambaa hivi, na nilijiona mjinga kidogo.

Ulikuwa hauendi popote. Maji yalikuwa yanauficha tu.

Kwanza haraka haraka unatoka wapi. Grauti ya kawaida ni simiti, mchanga laini, rangi, na mara nyingi kiasi cha plastiki ya kushikanisha. Fundi anaisukuma kwa mianya na raba, halafu anapanguza juu na sponji, na maji ya sponji yanaacha tabaka jembamba la hiyo hiyo simiti kwa uso wa taili. Sisi tunasema simiti "imekauka" lakini simiti haikauki vile matope yanakauka, inafanya kemia na maji inageuka kuwa jiwe, ndio maana nguzo ya daraja inaweza kushika hata ikiwa ndani ya maji. Katika hiyo kemia inatoka chokaa, chokaa ikikutana na hewa ya kaboni dayoksaidi inakuwa kalsiamu kaboneti, yaani ndugu yake chaki na marumaru. Matope ya ukuta wa nyumba ya kitambo ukiyalowesha yanalainika hata baada ya miaka kumi. Hii hailainiki ng'o, hata uweke maji moto na sabuni ya unga, na ile magadi tunatia kwa mrenda ndio bure kabisa kwa sababu magadi na simiti ziko upande mmoja, zote ni alkali.

Sawa, ni jiwe jembamba. Lakini jiwe linapoteaje likiloweshwa? Hii ndio sehemu ilinifurahisha mpaka nikasahau hasira ya kaunta.

Kitu kinaweza kuwa cheupe bila kuwa na rangi nyeupe. Chukua punje moja ya chumvi ya mawe uiangalie kwa dirisha, inapitisha mwanga kama kioo. Rundo la chumvi ni jeupe. Povu la sabuni ni jeupe na limetengenezwa na maji na hewa, vitu viwili ambavyo havina rangi. Ukitoka Nakuru kuelekea Nairobi, pale karibu na Elementaita kuna Kariandusi, wanachimba ile ardhi nyeupe inaitwa diatomaiti, na hiyo ni maganda ya mwani mdogo sana wa ziwa la zamani, maganda yametengenezwa na silika, kitu kile kile kinachotengeneza kioo cha dirisha. Mlima mzima wa kioo kidogo kidogo, na unaonekana kama unga wa ugali.

Weupe unatokea kwa mipaka. Mwanga kwenye hewa unaenda karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, kwenye maji kama 225,000, na kwenye kalsiamu kaboneti hapo kwa 185,000 hivi. Fikiria boda boda. Hewa ni lami, maji ni maramu, na ile simiti ni tope la shamba la miwa kule Muhoroni msimu wa mvua. Boda ikitoka lami ghafla ikaingia tope, inayumba, na nyingine zinageuzwa zinarudi zilikotoka. Utando wa grauti umejaa chembe ndogo sana na katikati yake kuna nafasi za hewa, kwa hivyo mwanga unaingia tope, unatoka lami, tope, lami, tope, lami, na kila mpaka unarudisha kidogo, kama 5 kwa kila 100 kwa mwanga unaogonga moja kwa moja. Baada ya mipaka mingi hivyo umetawanyika kila upande, na mwanga uliotawanyika kila upande bila kuchagua rangi ndio jicho linaita nyeupe.

Sasa mwaga maji. Yanaingia kwa zile nafasi, hewa inatoka, na mahali palikuwa na lami sasa ni maramu. Kutoka maramu kuingia tope bado unayumba lakini si sana, kila mpaka sasa unarudisha chini ya 1 kwa 100. Mwanga mwingi unapita mpaka chini, unagusa taili nyeusi, unakuonyesha taili nyeusi. Utando uko pale pale wote, hakuna hata chembe imehama. Maji yakikauka hewa inarudi kwa nafasi zake, na weupe nao unarudi.

Hii umeiona maisha yako yote bila kuipatia jina. Shati jeupe likinyeshewa linaonyesha fulana ya ndani. Gazeti la kufungia mandazi, pale mafuta yameingia unaona kidole chako upande wa pili. Na hilo la mafuta ndio la kuangalia, kwa sababu mafuta yanapunguza mwanga kasi zaidi ya maji, yako karibu na tope kuliko maramu, halafu hayakauki upesi. Kwa hivyo ukisikia mtu anakwambia dawa ya weupe ni kupaka mafuta ya taa au ya kupikia, hajakudanganya kwamba weupe utapotea, utapotea vizuri sana, utakaa siku kadhaa umepotea. Shem wangu wa Kisumu alifanya hivyo akanipigia kujisifu. Baada ya wiki mbili kaunta yake ilikuwa na weupe wake kamili, na juu yake vumbi limenaswa na mafuta.

Basi kama unataka kuutoa, kwanza acha kuuangalia ukiwa na maji. Kausha kabisa, zima taa, laza tochi ya simu kwa kaunta imulike kwa upande, hapo utaona kila mkwaruzo wa sponji. Kama kazi ni ya jana au juzi, sugua kavu na kipande cha gunia safi au taulo ngumu, mara nyingi mwingi unatoka hivyo tu. Weupe ukishakomaa, kinachouvunja ni asidi. Dawa za kutoa weupe wa grauti zinazouzwa hadwea nyingi ni za asidi ya salfamiki, soma kwa mkebe wanataka grauti iwe imekaa siku ngapi kwanza. Siki ya dukani ni asidi kama asilimia 5, ukiipunguza na maji inaweza kutosha kwa utando mwepesi. Lowesha mianya na maji matupu kabla, grauti ishibe maji isinywe asidi, halafu suuza sana. Kama grauti ina plastiki nyingi asidi inasaidia nusu nusu tu, na kama ni ya epoksi, ile ya gundi ngumu badala ya simiti, haisaidii, hiyo ina dawa yake.

Kaunta ya marumaru au teraso usiiguse na asidi hata tone, ni kalsiamu kaboneti ile ile, itakula kaunta pamoja na uchafu. Huna hakika ni mawe gani, weka tone la siki kwa kona iliyojificha, likitoa mapovu acha. Na ile spiriti ya chumvi mafundi wanapenda, hiyo ni asidi haidrokloriki, inakula grauti, moshi wake unaharibu mfereji na sinki, na ikikutana na Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, inatoa gesi ya klorini ambayo inaweza kukumaliza hapo hapo jikoni. Pia usikubali mtu apake sila, ile dawa ya kuziba uso wa taili na grauti, kabla weupe haujatoka, atakuwa ameufungia ndani.

Mimi nilitoa wangu na siki kwa jioni mbili, isipokuwa kona ya nyuma ya jiko niliiacha makusudi. Mgeni akija namwaga kijiko cha maji pale, naambia asubiri tu dakika kumi.