Yai la kambale kuvimba si kurutubika

Bukavu utasikia wafugaji wakisema: mayai ya kambale yakivimba na kunata ndani ya maji, tayari yamerutubika. Sivyo. Maji yenyewe ndiyo huliamsha yai. Tia mayai matupu, bila mbegu ya dume, nayo yatavimba vilevile.

Ukilitazama kwa hadubini, ganda lina tundu moja, mikropili, na mbegu hupita hapo tu. Yai likiguswa na maji, njia hiyo hufungika ndani ya dakika chache, na mbegu huogelea kwa nguvu kama dakika moja. Kwa hiyo anayeloweka mayai kwanza amejifungia mlango. Kamulia mayai kwenye beseni kavu. Mbegu (dume hupasuliwa, hakamuliki) zitie kwenye maji ya chumvi, gramu 9 kwa lita, humo hutulia. Changanya, kisha ndipo umimine maji safi, ukikoroga taratibu kwa unyoya.

Ushahidi ni mgawanyiko. Kwenye nyuzi 27 au 28, kati ya saa moja na mbili baadaye, tafuta seli 2, 4 au 8 zilizolingana. Jihadhari: yai tupu nalo huinua kilima cha ute upande mmoja, na pengine hukatika ovyo, pande kubwa na dogo. Hilo usilihesabu. Yai jeupe limekufa, lakini yai angavu huenda ni tupu. Maji ya Bukavu yasiyopashwa moto huchelewesha mgawanyiko, basi usiyamwage mayai mapema.