Puto likikaa tumboni, ukuta wa tumbo hufanyaje?

Wengi wenye unene uliopitiliza wanaofika kliniki yangu hapa Mwanza huuliza kama puto litapasuka. Mimi wasiwasi wangu uko kwenye tumbo lenyewe.

Puto ni mfuko wa silikoni unaowekwa tumboni ili mtu ashibe haraka na apunguze uzito. Tunaupitisha mdomoni ukiwa umekunjwa, kisha tunaujaza maji ya chumvi, kwa kawaida mililita 400 hadi 700. Aina iliyozoeleka hukaa miezi 6. Maji hayo mara nyingi hutiwa rangi ya bluu ya methilini, hivyo puto likivuja, mkojo hugeuka kijani au bluu.

Siku za mwanzo ni kichefuchefu na kutapika, kwa sababu tumbo linahangaika kulisukuma nje na haliwezi. Misuli yake hukaza mwezi baada ya mwezi, nayo hunenepa kama ya mvuvi anayevuta nyavu kila usiku. Chakula nacho huchelewa kutoka, ndiyo maana tonge chache za ugali na kipande cha sato hushibisha. Puto likishatolewa, unene huo wa ukuta hupungua taratibu. Kwa hiyo aliyewekewa puto ili apunguze uzito kabla ya upasuaji wa kupunguza tumbo asikasirike akiambiwa asubiri kwanza: ukuta mnene haubaniki vizuri kwa pini za kufungia tumbo wakati wa upasuaji.

Utando wa ndani ndio unaoniumiza kichwa. Puto lililoidhinishwa Marekani mwaka 1985 lilijazwa hewa na halikuwa laini kama ya leo. Lilichubua watu, likawaletea vidonda, na baadaye likaondolewa sokoni. Ya sasa ni laini na ya mviringo, lakini bado yanagusana na utando uliolowa tindikali usiku na mchana. Omeprazoli, dawa ya kupunguza tindikali, ni ya kila siku mpaka puto litoke, hata kama husikii kiungulia.

Halafu kuna magoti. Mama mwenye uzito mkubwa anayesimama kutwa akiuza samaki Mwaloni Kirumba ana maumivu ya kweli, na duka la dawa liko jirani. Diklofenaki au ibuprofeni juu ya puto ni njia fupi ya kupata kidonda, hata tumbo kutoboka. Nawasihi: mama zangu, semeni kuhusu magoti kabla hatujaweka puto, tuwatafutie dawa nyingine. Bakteria wa vidonda vya tumbo nao tunawapima na kuwatibu mapema.

Siku ya kulitoa, tumbo liwe tupu. Kwa kuwa chakula hukawia humo, mlo mgumu husimamishwa siku kadhaa kabla, unabaki na vimiminika. Chakula kikipanda wakati umelazwa usingizi kinaweza kuingia kwenye mapafu.

Maumivu makali ya ghafla, kutapika damu au choo cheusi havisubiri asubuhi. Anayeishi Ukerewe apange, kabla ya kuwekewa puto, atavukaje ziwa usiku akizidiwa.