Harakati: fataha, kisra na dhumma kwa mtoto anayeanza kusoma

Mwambie mtoto anayeanza kusoma Kiarabu aitamke herufi ب (bee) bila a, bila i, bila u. Atafumba midomo na kubaki hivyo hivyo. Sauti haitoki mpaka midomo iachane, na inapoachana lazima iende upande fulani. Mwendo huo ndio unaoitwa haraka, na wingi wake ni harakati. Kiswahili kililichukua neno hilo na kulipa kazi nyingine: haraka ni upesi, harakati ni shughuli za kwenda huku na huku. Mzizi lakini ni uleule, yaani mwendo. Herufi yenyewe imetulia, haraka ndiyo inayoisukuma.

Harakati ni tatu, na majina yake yanasema wazi kinywa kifanye nini. Fataha inatokana na kufungua, kama Fatiha, sura inayofungua msahafu: kinywa kinafunguka na a inatoka. Kisra (wengine husema kasra) ni kuvunja: taya la chini linashuka, sauti inakuwa i. Dhumma, au dhamma, ni kukusanya: midomo inakusanyika mbele, inakuwa u. Herufi isiyo na mwendo wowote huwekewa sukuni, yaani utulivu, mzizi mmoja na maskani.

Wazazi wengi tunaanza na alama: kijistari cha juu ni fataha, cha chini ni kisra, kijiwau (herufi و ndogo) cha juu ni dhumma. Mtoto anazishika alama upesi kwa macho, kisha akisoma kinywa chake hakibadiliki. Historia yenyewe ilianza kinywani. Inasimuliwa kwamba Abu al-Aswad al-Du'ali, mwanasarufi wa Basra huko Iraq, katika karne ya 7, alimweka mwandishi mbele yake akamwagiza amtazame midomo: nikifungua kinywa, weka nukta juu ya herufi, nikikishusha, weka chini, nikikusanya midomo, weka mbele yake. Nukta hizo ziliandikwa kwa wino wa rangi tofauti na ule wa herufi. Karne iliyofuata al-Khalil ibn Ahmad al-Farahidi, mzaliwa wa Oman aliyesomesha Basra, akazigeuza kuwa alama tunazozijua: fataha ni alifu (ا) ndogo iliyolazwa, dhumma ni wau ndogo. Kwa hiyo kaa na mwanao mbele ya kioo. Mpe herufi moja, ba, bi, bu, ajitazame midomo yake, halafu ndipo umwonyeshe alama.

Mtoto wa Kiswahili anaanza na mtaji mzuri. Lugha yetu hupenda silabi za konsonanti na irabu, na mtoto wa chekechea ameshaimba ba be bi bo bu. Anaweza kusema th ya thamani, dh ya dhahabu na gh ya ghali, sauti zinazowatesa watoto wa lugha nyingine nyingi. Hata neno irabu tumelitoa kwenye Kiarabu.

Ila mtaji huo huo una mitego, na hapa ndipo mzazi anapotakiwa kuwa na sikio kali. Kiarabu kina irabu fupi tatu, sisi tunazo tano. Kinywa chetu kinateleza kuelekea e na o bila kujua. Yatazame maneno tuliyoyapokea: ilm imekuwa elimu, ghurfa imekuwa ghorofa. Kwetu ni Kiswahili fasaha, lakini katika kusoma, kisra ikiwa e na dhumma ikiwa o, herufi imeharibika. Nako kwenye fataha kuna herufi saba nzito, خ ص ض غ ط ق ظ, ambazo a yake hutoka nene. Sikio la Mswahili husikia o ndani yake, ndiyo maana tahara ikawa tohara. Wanaoandika swala na twahara wanajaribu kuukamata unene huo kwa w. Mtoto akiisoma w hiyo atakusanya midomo, ilhali unene unatokana na sehemu ya nyuma ya ulimi kuinuka. Mimi simwandikii mtoto Kiarabu kwa herufi za Kirumi hata siku moja. Ni njia fupi inayomrudisha nyuma.

Kuna pia herufi ambazo Kiswahili kimezichanganya katika chungu kimoja. Dhahabu, dhaifu na dhuluma kwetu zinaanza na sauti moja. Kwa Kiarabu ni ذ, ض na ظ. Hewa, haki na habari vivyo hivyo: ه, ح na خ. Maneno haya ni hazina nyumbani, kwa kuwa mtoto anayajua tayari. Mwambie, "Mwanangu, haki hii h yake inatoka katikati ya koo," umsikilizishe, arudie. Usimfundishe tatu kwa siku moja. Mbili zinazofanana zikipishana kwa wiki chache zinakaa vizuri zaidi.

Chuoni, yaani madrasa, kuna mtindo wa kuendeleza kwa sauti: bee fataha ba, bee kisra bi, bee dhumma bu. Naupenda, una mdundo na watoto wanaufurahia. Lakini mtoto huweza kuushika wimbo asiishike herufi. Mpime kwa kuvuruga mpangilio: mwandikie bu kwanza, kisha ta, kisha bi. Akisita, bado anaimba. Dakika kumi kila siku baada ya Magharibi zinatosha kwa mtoto wa miaka minne au mitano. Aandike kwa kidole kwenye sinia la mchanga au unga, kutoka kulia.

Jambo la urefu lisipuuzwe. Fataha ni kipimo kimoja. Ikifuatiwa na alifu inakuwa viwili. Qatala ni aliua, qaatala ni alipigana. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo mtoto anavuta: qataala. Mpigie kofi moja kwa kila silabi fupi, qa-ta-la, makofi matatu yaliyolingana.

Sukuni iache mwisho, hata kama ndugu zake wakubwa walianza mapema. Kiswahili hakipendi neno liishie kwa konsonanti: kitab ikawa kitabu, qalam ikawa kalamu. Mtoto atakayesoma "Qul huwa", mwanzo wa sura ya Ikhlas, atasema quli au qulu kabla hujamrekebisha, kwa sababu hivyo ndivyo alivyolelewa kusema. Usimgombeze. Mwambie aupandishe ulimi nyuma ya meno ya juu kwenye herufi lamu (ل), auache hapo hapo, usishuke. Ahesabu moja kimoyomoyo, kisha ndipo aseme "huwa".