Cobh: Dhana Potofu Kuhusu Mji wa Mteremkoni

Wageni wengi wanaofika Cobh, mji mdogo wa Ireland uliojengwa mteremkoni kuelekea bandari ya Cork, huamini kwamba Titanic ilifunga gati hapo. Ukweli ni kwamba tarehe 11 Aprili 1912, wakati mji ukiitwa Queenstown, meli hiyo kubwa ilitia nanga mbali, karibu na Roche's Point, rasi iliyo kwenye mlango wa bandari, na abiria 123 wakapelekwa huko kwa vyombo viwili vidogo, Ireland na America. Meli ya abiria Lusitania nayo haikuanzia safari hapa: ilitoka New York ikielekea Liverpool, ikazamishwa kwa torpedo tarehe 7 Mei 1915, na Cobh ikawapokea manusura na kuwazika baadhi ya waliofariki.

Dhana inayostahili kusahihishwa kwa makini zaidi inamhusu Annie Moore, msichana aliyeondokea bandari hii, ambaye sanamu yake na ndugu zake wawili imesimama ufukoni. Ni kweli kwamba ndiye mhamiaji wa kwanza kupokelewa Ellis Island, kituo cha wahamiaji cha New York, tarehe 1 Januari 1892. Lakini kwa miaka mingi ilisimuliwa kwamba alikuwa na umri wa miaka 15, kwamba alihamia Texas na kwamba alifia huko kwa kugongwa na tramu. Mwaka 2006 ilithibitika kwamba huyo wa Texas alikuwa mwanamke mwingine, tena mzaliwa wa Marekani. Annie aliyeondokea Cobh aliwasili akiwa na miaka 17, akaishi katika mitaa ya maskini ya New York, akazika watoto wake kadhaa wangali wadogo, na akafariki mwaka 1924. Maisha hayo magumu ndiyo yanayowawakilisha wahamiaji wenzake kwa haki, kuliko hadithi ya magharibi ya mbali.

Kanisa Kuu la Mtakatifu Colman, linalotawala kilima chote, hudhaniwa kuwa la Enzi za Kati kwa sababu ya mtindo wake wa Kigothi, na wapo wanaosema kwamba waliokimbia Njaa Kuu ya Ireland ya 1845 hadi 1852 waliliaga wakiondoka. Ujenzi wake, uliobuniwa na Edward Welby Pugin na George Ashlin, ulianza 1868 na kukamilika 1919. Wala uhamaji haukukoma pamoja na njaa: kati ya 1848 na 1950 watu wapatao milioni 2.5 walipitia bandari hii, wengi wakisukumwa na ukosefu wa ardhi na kazi, na michango ya Wairishi waliohamia ng'ambo ilisaidia kulijenga kanisa hilo.