Je, wajua? Bichi ya Rimini ilianza kama matibabu

Hivi umeshawahi kujiuliza kulipisha watu hela ya kuingia baharini kulianza lini? Rimini, mji wa Italia ulioko pwani ya bahari ya Adriatiki, wao wanayo mpaka tarehe. 30 Julai 1843 walifungua kituo chao cha kwanza cha kuoga baharini, walioanzisha ni wenye vyeo wa ukoo wa Baldini wakiwa na daktari mmoja anaitwa Claudio Tintori. Sasa daktari anatafuta nini bichi?

Ni hivi, zamani hizo Ulaya tajiri alikuwa analikimbia jua, kuungua ngozi ilikuwa mambo ya mkulima na mvuvi, ila madaktari walikuwa wanaamini maji ya chumvi yanatibu magonjwa kibao, kwahiyo mtu anaandikiwa kuoga baharini kama anavyoandikiwa dawa, anabadilisha nguo kwenye kibanda, anachovya mwili, anatoka. Yaani wale watalii wa kwanza walikuwa wagonjwa! Na Rimini iliwafaa kwa sababu mchanga ni laini halafu bahari ni kina kifupi, unatembea weee maji bado hayajafika kifuani.

Starehe ikaja kuingia polepole. 1873 wakajenga Kursaal, jumba la dansi na burudani pale pale ufukweni, 1908 ikafunguliwa Grand Hotel, ile ambayo Federico Fellini, mtengeneza filamu maarufu aliyezaliwa hapo 1920, utotoni alikuwa anaichungulia tu kwa nje.

Vita Kuu ya Pili ikaja ikaharibu karibu kila kitu, mabomu yalipigwa mara mia kadhaa. Kilichonishangaza mimi ni daraja la Tiberius, Warumi walilimaliza mwaka 21 baada ya Kristo, matao yake matano ya mawe, na 1944 Wajerumani wakiwa wanarudi nyuma walitaka kulilipua likagoma, mpaka leo watu wanapita juu yake. Na kichekesho ni kwamba miaka ya 50 na 60 Wajerumani hao hao wakarudi, safari hii na taulo na watoto, wakawa kati ya wateja wakubwa wa vile vihoteli vya kifamilia ambavyo mama mwenye nyumba ndo mpishi.

Siku hizi ukienda utakuta kama kilomita 15 za miavuli imepangwa mistari kama mahindi shambani, na ukisikia njaa kuna piadina, chapati yao nyembamba inayokunjwa na jibini ndani (wengi wanaweka na nyama ya nguruwe, kwahiyo uliza kabla hujang'ata). Ufukwe umegawanywa vipande vipande vyenye namba, watu wanaahidiana kukutana kwa namba, na kila kipande mpaka leo kinaitwa bagno, maana yake bafu.