Msumari Mnene Haufai Kila Ubao

Mteja mwingine amekuja karakanani na bunduki ya upepo ya kupigilia misumari, aina ya T50, mpya, akaniambia kwa uhakika ule ule niliousikia kwa waliomtangulia kwamba aliikataa F30 dukani kwa sababu "msumari mnene ndio unaoshika". Siku hiyo nilikuwa nabandua urembo wa kabati la mninga uliopigiliwa na mtu mwenye imani hiyo hiyo: kipande chenye unene wa milimita 9, kikiwa na ufa kila mwisho, na vanishi imejikusanya ndani ya nyufa kama wino.

T50 hupiga misumari ya geji 16 (geji ni kipimo cha unene wa waya), yenye unene wa takriban milimita 1.6, ilhali F30 hupiga ya geji 18, yenye takriban milimita 1.2. Ni kweli kwamba msumari mnene hung'oka kwa shida zaidi, maana chuma kinachobanwa na nyuzi za ubao ni kingi. Lakini mbao za urembo hazibebi mzigo, na nyingi hupakwa gundi, hivyo kazi kubwa ya msumari ni kuzituliza mpaka gundi ikauke. Kinachotuharibia kazi ni mpasuko, na kipande chembamba cha mbao ngumu kikipigwa msumari wa geji 16 karibu na mwisho wake hupasuka kufuata nyuzi. Tena tundu lake ni kubwa, na puti juu ya mninga haifichiki kwa vanishi hata uichanganye na unga wa mbao wa mninga huo huo.

Swali la kuuliza dukani ni la urefu. Msumari wa urembo unapaswa kuwa na urefu wa mara mbili hadi mbili na nusu ya unene wa kipande unachokipigilia, kwa hiyo F30, ambayo msumari wake mrefu kabisa ni milimita 30, inaishia kwenye vipande vya milimita 12 hadi 15. Skatingi (ubao wa chini ya ukuta, kandokando ya sakafu) ya milimita 20 inadai msumari wa milimita 40 au 50, na hapo T50 ina haki yake, ingawa F50, inayotumia misumari ile ile ya geji 18 kwa urefu wa hadi milimita 50, ingewafaa wengi wanaoikimbilia T50.

Nasisitiza pia, kwa sababu mafundi wangu wenyewe husahau: bunduki ishikwe ikikingama na urefu wa ubao. Msumari wenye ncha ya patasi hupenda kupinda kushoto au kulia kwa bunduki, na ukiwa umeikingamisha utapindia ndani ya ubao badala ya kutokeza usoni, au kidoleni.

Wapo wanaodhani geji 18 ni nene kuliko geji 16; namba ikipanda, waya hupungua. Wapo wanaopandisha mgandamizo wa upepo wa kompresa mpaka psi 120 ili msumari "uingie vizuri", kumbe wanauzamisha kupita kiasi na kuchosha mipira ya bunduki, wakati F30 kwenye mbao laini hutosheka na 70 hivi.

Wanaotazama video za Marekani nao hutaka skatingi ipigiliwe moja kwa moja ukutani. Kuta za kule mara nyingi ni fremu za mbao zilizofunikwa kwa bodi ya jasi; zetu ni matofali na simiti, na T50 itapinda msumari au kuurudisha. Weka fisha (plagi za plastiki za kushikia skrubu ukutani), funga papi, yaani vipande virefu vyembamba vya mbao, kwa skrubu, kisha pigilia juu ya papi hizo. Na anayeletewa bunduki ya geji 15 na ndugu aliyeko huko aulize kwanza pembe ya magazini yake, yaani sehemu inayowekwa misumari, kwa sababu misumari ya digrii 25 haiingii kwenye ya digrii 34, na aombe boksi kadhaa za misumari yake katika sanduku lile lile.