Taarifa za udanganyifu zikipanda, msikimbilie kusema mradi umefeli

Mwezi uliopita hoja hii niliisikia Nachingwea, wiki hii nimeisikia Newala. Tuko kwenye kikao cha robo mwaka, naonyesha taarifa za udanganyifu kwenye bima ya afya zilizoletwa na kamati za vijiji, ambazo mradi wetu unazitumia kuwaelimisha wenye bima. Kabla sijafika mstari wa pili mjumbe ananyoosha mkono: "Mtaalamu, kabla ya mradi zilikuwa 4, sasa ni 31. Si ndiyo mmeongeza wizi?" Na nusu ya ukumbi inaitikia.

Nimechoka kulijibu hili kwa mdomo, kwa hiyo naliandika. Idadi ya taarifa haipimi wizi. Inapima watu wangapi wametambua kuwa walichofanyiwa ni wizi, wakajua pa kulipeleka jambo lenyewe, wakathubutu kulipeleka. Kijiji kisicholeta taarifa hata moja hakijawa safi kwa hilo. Mara nyingi ni kijiji ambacho hakuna aliyekanyaga kuwaelimisha watu. Kamati ikifanya kazi yake, mwaka wa kwanza taarifa zinatakiwa zipande. Zisipopanda ndipo mimi nashtuka.

Kuna bibi mmoja Tandahimba, mtegemezi kwenye bima ya mwanawe mwalimu. Kila akienda kutibiwa anapewa fomu ya madai dirishani na kuonyeshwa pa kusaini, hajamwona daktari, na juu hakujaandikwa kitu. Anasaini kwa kuwa ameambiwa asaini. Wanakamati walipomweleza kwamba sahihi ile ni ya kukubali kuwa amepokea huduma zote zilizoandikwa pale, alinyamaza kidogo, akaingia ndani, akatoka na kopo la maziwa ya unga limejaa vifuko vya dawa, kila kifuko na tarehe yake kwa wino wa bluu. Tukalinganisha siku moja tu: fomu ina dawa tano, kopo lina vifuko viwili vya tarehe ile. Kwenye jedwali langu hiyo ni taarifa 1 ya mwezi ule. Lakini yeye amekuwa akisaini fomu tupu kwa miaka. Sasa niambieni, mradi ndio uliouleta wizi huo?

Ndani ya kosa hilohilo kuna jingine, la kulinganisha miezi isiyolingana. Huku kwetu Februari mvua zimeshika, malaria imejaa vituoni, fedha za minada ya korosho zimeshafika kwa wakulima na waliotaka kukata bima wameshakata. Septemba ni kiangazi na watu wako mikoroshoni. Chukulia kata moja: Februari mahudhurio ya wenye bima 1,200, taarifa 12, Septemba mahudhurio 400, taarifa 6. Kwa macho, Septemba imetulia. Gawanya sasa: Februari ni taarifa 10 kwa kila mahudhurio 1,000, Septemba ni 15. Mtu asiniletee idadi ya taarifa bila mahudhurio pembeni yake. Na Februari ilinganishwe na Februari.

Mkitaka kujua wizi wenyewe umepungua, rudini kwa mgonjwa. Choteni fomu za madai 50 bila kuchagua, nendeni nyumbani kwa wahusika kwa ridhaa yao, muwasomee kilichoandikwa: hiki ulipata, hiki hukupata? Fanyeni hivyo kabla mradi haujaanza, mrudie baada ya mwaka, na mfanye vilevile kwenye kata jirani ambayo haina kamati. Kinachotakiwa kushuka ni pengo kati ya karatasi na alichopewa mgonjwa. NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, hulipa kituo kwa kila huduma iliyodaiwa, kwa hiyo fedha zinapotelea kwenye pengo hilohilo. Kazi hii inachosha, inataka pikipiki na mtu mwenye subira, lakini sijaona njia ya mkato.

Mengine nayapitia haraka.

"Tumefundisha watu 600." Hayo ni majina kwenye karatasi ya posho. Waulizeni baada ya miezi mitatu kama wanasoma fomu kabla ya kusaini.

"Mradi upimwe kwa fedha zilizorejeshwa." Marekani wana programu ya wazee wa kujitolea, Senior Medicare Patrol, iliyoanza 1997, inayowafundisha wazee wenzao kutambua udanganyifu kwenye Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee. Wakaguzi wa serikali yao wamekuwa wakihesabu fedha zilizorudi kupitia kazi ya wazee hao, na wao wenyewe wameandika kwamba hesabu hiyo haikamati fedha ambazo hazikuibwa kwa sababu mgonjwa alikuwa macho. Kwetu ni hivyohivyo. Mwizi aliyeghairi haachi risiti.

"Wezi ni watoa huduma tu." Hapana. Ukimwazima shemeji kadi yako akatibiwe kwa jina lako, huo nao ni udanganyifu, hata kama makato yametoka kwenye mshahara wako. Tena ni hatari: ugonjwa wake na dawa zake vinaandikwa kwenye faili lako.

"Watu wa kusini ni wapole, hawasemi." Hili linaniudhi. Wanasema sana, ila si mbele ya mganga mfawidhi ambaye kesho watarudi kwake na mtoto mwenye homa, na zahanati ya pili iko kilomita 15. Taarifa ipokelewe na mtu asiyefanya kazi kituoni, na jina la mtoa taarifa lisifike kituoni kabisa.

Kikao kijacho ni Masasi. Atakayekuja na jedwali la taarifa, aje pia na rejista ya mahudhurio ya Februari mbili mfululizo. Fomu 50 nitachota mwenyewe.